Maji ya Kisima cha Kyungu

Mujinga aliingia jikoni kwake akiwa bado na koti, akaikuta chupa imepinduliwa kichwa chini kando ya sinki. Ilikuwa imeoshwa vizuri sana. Alifungua friji akachungulia rafu ya chini, nyuma ya sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, mahali alipoilaza chupa ile asubuhi kabla ya kwenda kazini. Sufuria ilikuwepo. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Akajiambia huenda ni chupa nyingine. Mtu akiogopa hujidanganya kwanza, ndiyo dawa iliyo karibu. Lakini shingoni mwa ile chupa ulikuwa bado umefungwa ule utepe mweusi wa mpira wa baiskeli aliouzungusha kaka yake, Kyungu, kwa mkono wake, na katika mtaa mzima wa Ganshoren, hapa Ubelgiji, hakuna mtu mwingine anayefunga chupa kwa mpira wa baiskeli.

Sebuleni mama mkwe wake, maman Victorine, alikuwa akirudisha viti mahali pake huku akiimba kwa sauti ya chini. Kila Jumapili alasiri kikundi chake cha maombi kilikutana katika nyumba hii. Akina mama walikuja na chupa zao za maji, wakazipanga katikati ya zulia, maman Victorine akaziombea, kisha kila mtu akarudi kwake na ya kwake, akanywa kidogo kidogo mpaka Jumapili nyingine. Mujinga hakuwa na neno na desturi hiyo. Jumapili nyingi alikuwa kazini, katika nyumba ya wazee, akiwalisha na kuwaogesha wazungu waliosahau hata majina ya watoto wao.

"Maman, ile mayi ya mu frigo iko wapi?"

"Ya kwenu?" Maman Victorine hakugeuka. "Tuliitumikisha. Mungu eko mukubwa, binti yangu. Ungekuwa hapa, ungeona na macho yako!"

Mujinga akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokifikia.

Yale hayakuwa maji ya baraka. Ng'ambo ya mji wa Likasi, huko Katanga, kijijini kwao, ilikuja kampuni ya kutafuta gesi. Ilitoboa ardhi, ikawa inasukuma chini maji yaliyochanganywa na dawa, kwa nguvu, hadi mwamba upasuke na gesi itoke. Ni dawa gani? Kampuni ilisema hiyo ni siri ya kazi yake. Tangu hapo visima vilibadilika. Maji yakawa yanateleza mikononi kama mlenda, na ndoo ikivutwa inapanda na povu lisilotaka kufa. Mbuzi waliyanusa wakageuza vichwa. Watu hawana pa kugeuzia vichwa, wakayanywa. Watoto wa Kyungu walitoka vidonda midomoni, na wa mwisho, Abigaël, aliacha kunenepa. Miaka miwili walilalamika, miaka miwili wakajibiwa kwamba maji ni mazuri. Jirani mmoja aliyepaza sauti alilala gerezani. Basi Kyungu akajaza chupa moja, akaifunga, akaificha katika mfuko wa kapenta, wale samaki wadogo wakavu, akampa mzee mmoja wa kwao, tonton Donat, aliyekuwa anasafiri kuja Ulaya. Mujinga aliipokea kwenye kituo cha treni cha Gare du Midi kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Kesho yake, Jumatatu, maabara moja mjini ilikuwa imekubali kuyapima. Kyungu alisisitiza: mayi ikae baridi, chupa isifunguliwe, na usiambie muntu.

Hapo ndipo Mujinga alipokosea mara mbili. Mfuko wa chupa ulinuka kapenta hadi friji nzima ikanuka, akauvua akautupa, chupa ikabaki kama maji ya kunywa tu. Kisha mama mkwe alipouliza hicho ni nini, akamjibu, "Ni mayi ya kwetu, maman, musiiguse." Mwambie mama mkwe asiguse kitu katika friji, halafu usimpe sababu, uone.

"Maman," alisema sasa, na sauti haikuwa yake. "Mulifanya nini na ile mayi?"

Maman Victorine akageuka hatimaye. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani na furaha usoni.

"Donat aliniambia ku kanisa: 'Nilimuletea muke wa Arnaud mayi ya kwabo.' Mayi ya kutoka Katanga, mu avion! Na weye unaificha mu frigo, unasema tusiiguse. Nikasema bon, nimeelewa. Pasta wa kwenu njo alikutumia. Baraka haifichwe, Mujinga. Nikaiweka katikati na zile zingine. Nikaishika, nikaitikisa, nikaita jina la Yesu, na mayi ikatoka povu! Povu ya kweli kweli, haikwishe! Bote balilia. Kasoki alianguka chini."

"Muliigawanya?"

"Kila mutu kidogo mu chupa yake, njo yote inakuwa ya baraka. Kasoki nilimupa nusu muzima, juu ya mutoto. Si unajua tumbo ya Aaron, usiku analia tu. Nilimuambia achanganye mu lait, mu maziwa yake."

Aaron, mtoto wa Kasoki, alikuwa na miezi miwili.

"Alisha kumupa?" Mujinga alisimama. "Maman, alisha kumupa mutoto?"

"Hapana, tunakunywa pamoja, kila mutu kwake, saa kumi na mbili, à dix-huit heures. Njo vile nilibaambia."

Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa kumi na moja na nusu.

Mujinga alimpigia Kasoki. Simu ilikuwa imezimwa. Akampigia mumewe Kasoki, Jérôme, aliyefanya kazi uwanja wa ndege, ikaita mpaka ikakata. Akampigia mume wake mwenyewe, Arnaud, ambaye alikuwa na gari, akiwarudisha akina mama wengine upande wa Midi.

"Arnaud, simamisha voiture. Hao wamama, bamwange mayi yao. Yote. Ni ya Kyungu, ile ya laboratoire."

Arnaud akatamka neno ambalo gari lililojaa wanamaombi halikustahili kulisikia.

"Na Kasoki?" akauliza.

"Kasoki ninaenda mimi. Adresse yake?"

"Sijue. Balihama juzi tu. Maman njo anajua, alienda kuona mutoto."

Mujinga alikata simu akamtazama mama mkwe. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, na mahali pake palikuwa na kitu kigumu zaidi.

"Unasema nini? Mayi imwangwe? Mayi nimesha kuombea?"

Mujinga akamweleza yote, harakaharaka, bila mpangilio: kampuni, kisima, vidonda, gereza. Maman Victorine alisikiliza akiwa amefumbata mikono. Sina budi kumtendea haki mama huyu: alikuwa amelea watoto sita, akazika wawili, akavuka mabara kwa maombi hayohayo. Unamwambia leo kwamba mkono wake umegawa sumu, unategemea aseme asante?

"Miye mwenyewe njo nilikunywa wa kwanza, palepale mbele yabo," alisema. "Verre muzima. Angalia, niko muzima. Jina la Yesu ilipita mu ile mayi. Hata kama ilikuwa na kintu, haina tena."

"Maman, ni mutoto wa miezi mbili."

"Unanifundisha batoto?"

Mujinga alitaka kupiga kelele. Alitaka kumshika yule mama mabegani amtikise kama alivyoitikisa ile chupa. Badala yake akajizuia, kwa sababu mkwe ni mkwe, na kwa sababu bila mama huyu hakuna mlango wa kugonga.

"Ile povu," alisema polepole. "Ile muliona. Kwa Kyungu inatoka kila asubui, maman. Hakuna mutu anaomba pale ku kisima. Anavuta ndoo tu, inatoka. Kama mulevi anamwanga bière. Miaka mbili inatoka."

Maman Victorine akatazama mikono yake, akaifikicha, kidole kwa kidole, na Mujinga akajua kwamba alikuwa anakumbuka jinsi maji yale yalivyoteleza.

"Nipe viatu," alisema mama mkwe.

Jumapili mabasi ya huko hayana haraka na mtu. Walisimama kituoni mvua nyembamba ikiwanyeshea, Mujinga akipiga simu iliyozimwa, akiipiga tena, kana kwamba simu nayo huona huruma. Aliwaza kupiga namba ya dharura. Angesema nini? Kwamba mahali fulani katika mtaa wa Berchem, katika nyumba asiyoijua, mama anayempenda mwanawe anakaribia kumpa maziwa? Basi lilipokuja, maman Victorine alipanda akishika magoti, akakaa, wala hakuomba. Hilo lilimtisha Mujinga kuliko yote. Alikuwa hajawahi kumwona mama huyo amekaa kwenye basi bila midomo yake kucheza.

"Niliambia bale bantu kintu kimoja tena," maman Victorine alisema ghafla, macho dirishani.

"Kintu gani?"

"Nilibaambia: saa ile, adui atatuma mutu wa kubazuia. Atakuya na maneno mazuri. Anaweza kuya hata na uso wa mutu munapenda. Basimusikilize."

Mujinga akabonyeza tena namba ya Kasoki.

Waliteremka Berchem wakakata ndani, penye majengo ya cité, ghorofa za kupangisha. Yalikuwa mengi, meupe, yote yamezaliwa na mama mmoja. Maman Victorine alisimama katikati ya ua, akageuka kulia, akageuka kushoto.

"Ilikuwa na mulango ya bleu."

Milango yote ilikuwa ya buluu. Mujinga alikimbilia mlango wa kwanza akasoma majina kwenye kengele, akakimbilia wa pili. Hapakuwa na Kasoki, hapakuwa na Jérôme, kengele zilikuwa bado na majina ya waliohama. Akabonyeza yoyote. Mzee mmoja akamjibu kwa Kiflamand akakata. Dakika zilizobaki mtu angeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Nyuma yake sauti ikapanda.

Maman Victorine alikuwa ameacha kutafuta. Alisimama palepale katikati ya ua, miguu ameipanua, akaimba. Ulikuwa wimbo wa kufungulia maombi, ule ambao kikundi hakianzi bila huo, na aliuimba kwa kifua chote, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Madirisha yakaanza kufunguka. Mwanamke mmoja alitoa kichwa akauliza kama mambo yote ni sawa. Mtu mwingine akasema ataita polisi. Maman Victorine akapandisha ubeti wa pili.

Orofa ya tatu, kwenye dirisha la pembeni, akatokea Kasoki. Alikuwa amejifunga kitenge kifuani, mtoto yuko mkononi, na chupa ya maziwa iko mdomoni mwa mtoto.

"Maman Victorine!" alicheka kwa furaha. "Mumekuya kuomba na siye? Aaron alilia sana, nikaona nitangulie kidogo!"

"Tosha!" Mujinga alipiga kelele. "Kasoki, tosha ile biberon mu kinywa ya mutoto! Mayi ni mubaya!"

Kicheko kilimkauka Kasoki. Akarudi nyuma hatua moja, akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. Lakini chupa hakuitoa. Alimtazama Mujinga, halafu maman Victorine, na macho yake yakajaa woga wa mtu aliyeambiwa mapema.

"Muliniambia," alisema, sauti ikitetemeka. "Maman, muliniambia batakuya kunizuia. Muliniambia hata na uso wa mutu ninapenda."

"Kasoki, fungua mulango," alisema Mujinga.

"Hapana. Kwa jina la Yesu, hapana."

Alikuwa mtu wa Butembo, upande wenye vita, Kasoki. Aliwahi kukimbia nyumba yake usiku na kuvuka misitu, na kilichomfikisha alikofika, kwa hesabu yake mwenyewe, ni kutosikiliza sauti za waliomwambia arudi. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtiifu, na utii huo alifundishwa na huyuhuyu aliyesimama chini.

Mujinga akamgeukia mama mkwe. Aliyefunga ndiye ajuaye kufungua.

Maman Victorine alivua kitambaa chake cheupe. Halafu, na yale magoti yake ambayo kwenye ngazi yalihitaji kusaidiwa, akapiga magoti kwenye lami yenye maji, mbele ya majirani wote wa Berchem, akamwinulia uso msichana aliyeweza kuwa mjukuu wake.

"Maman Kasoki," aliita. Hakuwa amewahi kumwita maman. "Sikia miye. Si adui. Ni miye. Miye njo nilikosea. Niliona povu, nikasema ni Mungu. Haikuwa Mungu. Ni sumu ya ku kisima ya bantu, na miye na mukono yangu nilikuwekea. Nilidanganya bote. Sikuuliza. Tosha mutoto ile kintu mu kinywa, maman. Nakuomba. Nakulombaka."

Kasoki alilia kwanza, ndipo akaichomoa chupa. Aaron naye akaangua kilio, kilio cha mtoto aliyenyang'anywa haki yake, na Mujinga hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

Hospitalini waliwapokea mara moja. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alimlaza Aaron, akampima, akamchungulia mdomo, akamsikiliza tumbo. Kasoki alishikilia mguu mmoja wa mtoto, basi, hakuuachilia hata walipotoa damu. Daktari akauliza: amekunywa kiasi gani? Vijiko viwili, pengine vitatu. Na katika hayo maji kuna nini?

Mujinga alijibu ukweli.

"Hatujui, docteur. Ndiyo sababu yaliletwa hapa. Wenye kuyatia dawa wanakataa kusema ni dawa gani."

Daktari alimtazama kama anayedhani hajasikia vizuri. Kisha akachukua ile chupa ya maji ya Kasoki waliyokuja nayo, yenye nusu ya maji ya Kyungu, akaitikisa kidogo. Povu likapanda, likakaa. Hakuongeza swali. Alipiga simu moja, akapiga nyingine, na punde kidogo mtu alikuja mbio, akaitia chupa ndani ya mfuko, akaondoka nayo. Itapimwa sasa hivi, daktari alisema. Ni mtoto mchanga, hatuwezi kungoja kesho.

"Nani mwingine alikunywa?"

Maman Victorine, aliyekuwa ukutani na sketi yake iliyolowa magotini, aliinua mkono kama mwanafunzi. Naye wakamlaza kitandani. Arnaud akapiga simu kusema akina mama wote wamemwaga, hata yule mmoja aliyenuna.

Saa zikapita zikiwa nzito. Hatimaye daktari akarudi. Damu ya Aaron ilikuwa safi, tumbo laini, angelala pale ili wamtazame, lakini aliamini kwamba kile kidogo hakikumdhuru. Kasoki aliangukia kifuani mwa Mujinga akalia mpaka koti likalowa. Kuhusu maji, daktari alisema, majibu ya mwanzo yametoka, na si maji ya kunywewa na mtu yeyote. Angependa kuzungumza na anayekijua hicho kisima. Dalili ni zipi, zinaanza lini?

Mujinga akampigia Kyungu, akaweka sauti ya simu wazi. Kaka yake alipokea mara moja. Mujinga alieleza yaliyotokea, naye Kyungu hakuuliza lolote juu ya chupa yake wala juu ya Jumatatu.

"Mutoto eko namna gani?"

"Eko muzima, kaka. Walimupima."

"Mungu asifiwe. Alikunywa mingi?"

"Vijiko bibili, bitatu."

"Na mayi?"

"Walipima pia. Ni mubaya, kaka. Ulisema kweli."

Kwenye simu, kwa mbali, alisikika mtoto akikohoa na mwanamke akimtuliza.

"Walipima leo?" Kyungu aliuliza. "Leo Jumapili, dimanche?"

"Leo dimanche."

"Juu ya vijiko bitatu."

Mujinga akaisogeza simu karibu na daktari. Daktari akamwuliza kwa macho, anasema nini? Lakini Kyungu alikuwa ameshaendelea, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuomba kingi.

"Hapana, ni vizuri. Niko na furaha juu ya ule mutoto. Basi uulize docteur, kama eko na dakika. Umuambie batoto ba huku banakunywa kopo, asubui na mangaribi, miaka mbili. Umuambie niko nabo hapa, nitabaita mumoja mumoja."

Mujinga akafasiri. Daktari alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akauliza kama watoto hao wako hapa Ubelgiji. Hapana, alisema Mujinga, hawako hapa. Daktari akatazama kitanda cha Aaron, akatazama simu, na akabaki ameshika kalamu. Kutoka kitandani kwake maman Victorine alijiinua kwa kiwiko akasema, kwa Kifaransa chake kibovu, aandike tu, aandike.

"Naanza na mudogo wa bote, Abigaël," Kyungu alikuwa akisema. "Eko na miaka tatu. Wa pili ni Océane. Docteur anasikia?"